ALEJI, ALEJI, ALEJI: mama wa Kyela, neno hili linamnyima mwanao chakula

SEHEMU YA 1

Mama zangu wa Kyela mjini, Ipinda, Ngonga, Mwaya, Matema, na nyie wa huko Busokelo mnaosoma mtandao ukiamka, ndaga. Leo sina maneno matamu. Nina hasira, na nitaigawa kwa sehemu kadhaa ili isiwachoshe.

Mwezi uliopita mama mmoja kijana aliniletea mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Nikafungua kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulipanda vizuri mpaka mwezi wa nane, halafu ukalala. Umelala kabisa, kama mtu aliyechoka. Nikamuuliza, mama, huyu anakula nini? Akasema: "Dada, huyu ana aleji. Hali samaki, hali dagaa, hali mayai, hali maziwa, hali karanga, na maharage tumeacha."

Sasa anakula nini? Uji mweupe. Wali na mchuzi wa nyanya. Ndizi.

Baba yake ni mvuvi. Mtoto wa mvuvi, amezaliwa hatua mia mbili kutoka ziwani, mbasa zinapita mlangoni kwao zikienda sokoni, yeye anakula wali na nyanya. Nani alisema ana aleji? Alianza jirani. Kisha muuza dawa akakubali. Kisha (na hili linaniuma) mtumishi mwenzangu mahali fulani akaandika neno hilo kwenye daftari bila kumvua mtoto nguo.

Mimi nilimvua. Vipele katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, kwenye nyayo. Usiku halali, anajikuna. Nikamtazama mama: wakati ananisimulia, yeye mwenyewe anajikuna kifundo cha mkono. Nikamtazama bibi aliyewasindikiza: anajikuna tumboni. Mama zangu, je, aleji ya mayai huambukiza bibi?

Ilikuwa upele. Upele ule ule wa siku zote, wa kidudu kinachochimba ngozi. Miezi minane mtoto amenyimwa samaki kwa kosa la kidudu.

Nchini kwetu, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sisemi wote wamedumaa kwa sababu ya neno aleji, hapana. Ila ninasema hivi: katika wilaya yenye ziwa, mpunga, ndizi, kakao na kuku wa kienyeji kila uani, sisi wenyewe tunamwondolea mtoto sahani mezani kwa neno ambalo hatujalielewa.

SEHEMU YA 2

Mmenitumia ujumbe mwingi. Wengi mnauliza, "Sasa dada, kwani aleji haipo?" Ipo. Twende taratibu.

Kiswahili chake ni mzio. Na hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu wazee wetu waliposema "samaki huyu ni mzio wangu" walimaanisha kitu mtu asichokula, karibu sawa na mwiko. Kwa hiyo tukisikia mzio, akili inakimbilia jikoni moja kwa moja. Hatufikirii moshi. Hatufikirii vumbi la godoro. Tunafikiria chungu.

Mwili una walinzi. Kazi yao ni kupambana na adui: vijidudu, minyoo, kupe. Kwa watu wengine walinzi hawa hukosea, wanakiona kitu kisicho na hatia, mfano chavua ya maua au karanga, wanakiita adui. Mara ya kwanza mtoto akikutana nacho huenda usione kitu, walinzi wanakariri sura tu. Mara ya pili au ya kumi wanakitambua, wanamwaga kemikali inaitwa histamini, na hapo ndipo unaona mwasho, mafua, uvimbe, kifua kubana. Neno lenyewe la "alaji" katika lugha za Ulaya lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Austria, Clemens von Pirquet. Tabia hii ya walinzi kukosea hurithiwa kwenye familia. Kama wewe una pumu na mumeo ana mafua ya vumbi, mtoto wenu ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa nayo, ingawa si lazima arithi kitu kile kile.

Sasa chakula. Aleji ya kweli ya chakula ina tabia zake. Huja haraka, mara nyingi ndani ya dakika chache mpaka saa mbili baada ya kula. Huja na mabaka yaliyovimba kama ya kuumwa na siafu, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa. Na hurudi kila anapokula kitu kile. Mtoto aliyekula yai Jumatatu, Jumatano na Ijumaa salama, halafu Jumapili akatoka vipele, msimsingizie yai. Angalia alilala wapi, alivaa nini, nani mwingine nyumbani anajikuna. (Na samaki aliyechacha ni habari nyingine. Samaki aliyekaa juani akamwasha mtu mdomo si aleji, ni uchafu wa samaki. Laumu muuzaji.)

Wengine mnasema, "Lakini tuliambiwa mtoto asile karanga wala mayai mpaka akue." Ni kweli mliambiwa, na hata wakubwa walikosea. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto wenye hatari ya aleji wasipewe karanga mpaka miaka mitatu. Mwaka 2008 ushauri huo ukaondolewa kwa sababu haukusaidia. Kisha mwaka 2015 daktari Gideon Lack na wenzake huko London wakatoa majibu ya utafiti wa watoto 640 waliokuwa na hatari kubwa. Nusu walipewa karanga mapema, nusu wakanyimwa mpaka miaka mitano. Walionyimwa ndio waliopata aleji ya karanga kwa wingi. Waliokula walipungukiwa aleji hiyo kwa asilimia 81!

Soma tena hapo. Kumnyima mtoto chakula ili asipate aleji kunaweza kumletea aleji.

Kwa hiyo, maziwa ya mama peke yake miezi sita. Ukianza chakula, usichelewe na yai lililoiva vizuri, dagaa wa Nyasa waliosagwa, karanga zilizosagwa laini ndani ya uji. Zilizosagwa, nimesema. Karanga nzima mdomoni kwa mtoto mdogo ni hatari ya kumkaba. Na zenye ukungu tupa, usiseme nitachagua. Anza kidogo, asubuhi, siku ambayo upo nyumbani umtazame. Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali sana, ile inayotoa maji mashavuni na kwenye mikunjo ya mikono na magoti, huyo mlete kwanza tumwone kabla ya yai na karanga, kwa sababu yeye ndiye mwenye hatari ya kweli.

Halafu kuna wale wanaopita na mashine ya kushika mkononi. Unashika chuma dakika moja, inatoka karatasi ndefu: una aleji ya maziwa, sumu kwenye ini, damu nzito. Na dawa ya yote hayo wanayo wao, kwenye kopo, elfu themanini. Chuma cha kushika mkononi hakipimi aleji, iwe hapa, iwe Mbeya, iwe Ulaya. Hiyo elfu themanini ni mayai trei ngapi?

SEHEMU YA 3

Leo tuzungumzie vinavyowasha.

Upele nimeshautaja. Nitawashangaza kidogo: kitaalamu ule mwasho wake kweli ni mzio, mwili unakataa kile kidudu, mayai yake na kinyesi chake. Sawa. Lakini ukimpa mtoto piritoni kila usiku, kidudu kinaendelea kuzaa. Dawa ni kukiua. Nyumba nzima inapakwa siku moja, anayejikuna na asiyejikuna, baba naye, hata akisema yeye ni mzima. Nguo na shuka zinafuliwa na kuanikwa juani. Kwa mtoto mchanga dawa ya kupaka huchanganywa iwe nyepesi, kwa hiyo njoo uelekezwe. Na mwasho unaweza kuendelea wiki mbili au tatu hata kidudu kimekufa, usikate tamaa ukasema "si mnaona ni aleji."

Sasa kuna jambo ambalo ni la kwetu hasa, na linaniumiza kichwa kuliko yote. Usubi.

Mito yetu inashuka kwa kasi kutoka Rungwe na milima ya Livingstone: Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Kwenye maji yanayokimbia huzaliana inzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibyongo. Akikuuma anakuachia minyoo. Ile mikubwa hukaa kwenye vinundu chini ya ngozi, inaishi miaka kumi hata kumi na mitano, na kila siku inazaa vijiminyoo vinavyotembea ndani ya ngozi. Vikifa humo ndani, mwili unawaka. Mtu anajikuna miaka, ngozi inakuwa kama ya mzee, miguu inatoka madoa meupe kama chui. Vikifika machoni, ni upofu. Eneo letu hili la Rungwe na Kyela linajulikana kitaifa kwa ugonjwa huu, ndiyo maana kila mwaka wanapita wagawa dawa na kile kijiti cha kupimia urefu.

Na nini kinatokea wakipita? Mtu anameza ivermectin, kesho yake anawashwa, anavimba kidogo, homa kidogo. Anatangaza kijiji kizima: "Dawa ile inaleta aleji, mimi siimezi tena na wanangu hawamezi." Jamani! Kuwashwa kule mara nyingi ni kwa sababu vijiminyoo vinakufa kwa wingi ndani ya ngozi. Aliyewashwa zaidi mara nyingi ndiye aliyekuwa navyo zaidi, ndiye aliyehitaji dawa kuliko wote. Na kwa kuwa dawa haiui mnyoo mkubwa, inabidi kumeza kila mzunguko, miaka mingi, mpaka mkubwa afe kwa uzee wake. Ukiruka kwa sababu ya "aleji", unamlea. Waliogundua dawa hii, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sisi tunaletewa bure mlangoni, tunaikimbia. Wasiomeza ni watoto wa chini ya miaka mitano au wafupi kuliko alama ya kijiti, wajawazito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja, na mgonjwa mahututi. Ukivimba sana, ukaishiwa nguvu au kupumua kwa shida, njoo kituoni haraka. Mwasho wa kawaida tunautuliza, hauzuii kumeza mwakani.

SEHEMU YA 4

Fupi leo, nimetoka zamu ya usiku.

"Dada nichome ile sindano ya aleji." "Nipe vile vidonge vidogo vya aleji, vya mia mbili." Mnavijua. Deksa, au prednisoloni. Na krimu ya tyubu ile inayotibu kila kitu, ngozi inang'aa siku tatu.

Dawa hizi ni za kundi moja, zinawaamuru walinzi wa mwili wakalale. Ndiyo maana mwasho unakata haraka na mnatusifu. Lakini walinzi wakilala, upele unasambaa kimya kimya, fangasi inatanuka na kubadili sura mpaka hata sisi tunashindwa kuitambua. Mtoto akila deksa wiki kwa wiki, uso unajaa kama mwezi, mnasema amenenepa, amependeza. Hajanenepa. Kimo chake kinasimama, mifupa inadhoofu, homa ya kawaida inageuka kubwa. Na aliyetumia muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuanguka, kwa sababu mwili umeacha kutengeneza ya kwake. Kwa hiyo kama mwanao amekuwa akipewa, usiache leo kwa sababu umesoma hapa. Mlete na pakiti, tupunguze taratibu.

Dawa hizi si mbaya. Daktari akimpa mtoto aliyebanwa na pumu prednisoloni siku tatu hadi tano, mpe zote. Ninachopinga ni kuuziwa kama pipi. Na lawama si ya muuza dawa peke yake. Sisi wauguzi na matabibu tuliwafundisha, tulipokuwa na foleni ya watu themanini tukaandika "aleji" ili foleni isogee.

SEHEMU YA 5

Haya, sasa upande wa pili. Mama yule yule anayekubali haraka kwamba mwanawe ana aleji ya samaki, mwambie mwanawe ana pumu. Ataruka. "Hapana dada, kwetu hakuna pumu, huyu ni mafua tu." Isiyo aleji tunaipokea kwa mikono miwili, aleji yenyewe ikibisha hodi tunaifungia mlango.

Mtoto anayekohoa usiku wa manane na kulfajiri, akikimbia anakohoa, akikaa jikoni anakohoa, wakati wa kupepeta mpunga kifua kinapiga mluzi, kisha anapona, kisha inarudi, bila homa, amepewa amoksilini mara sita mwaka huu: huyo mlete apimwe pumu. (Anayekohoa zaidi ya wiki mbili na anakonda au ana jasho la usiku, huyo tunapima kifua kikuu kwanza.)

Badala yake anapelekwa kukatwa kimio. Mwaka huu, si enzi za mababu. Eti kimio kirefu kinamtekenya koo. Kimio hakisababishi pumu, mama yangu. Nimeona mtoto aliyekatwa akaletwa shati limejaa damu. Wengine hupata pepopunda. Na kikohozi kilikuwa pale pale, kwa sababu shida ilikuwa kwenye mapafu na moshi wa jikoni.

Sababu zetu hapa tunazo nyingi na hatuzitaji. Jiko la kuni ndani ya nyumba, mtoto mgongoni. Vumbi la mpunga na moshi wa pumba. Mvua zetu zile za mwezi wa nne, ukuta unatoa ukungu mweusi, godoro halikauki, na ndani ya godoro utitiri wa vumbi usioonekana kwa macho unashangilia, maana unapenda unyevu na joto, na Kyela tuna vyote. Na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama wingu la moshi juu ya maji, ambao ng'ambo Malawi huwakamata wakatengeneza mikate. Wakifia ndani ya nyumba wakakauka, vumbi lao mnalivuta. Huko Sudan, kando ya Nile, ndugu zao wa mbali waitwao nimitti waliwaletea watu pumu mpaka wanasayansi wakaja kuchunguza. Kwa hiyo upepo ukiwaleta, funga madirisha ya upande wa ziwa na zima taa ya nje, wanafuata mwanga. Asubuhi fagia kwa kulowesha, usitimue vumbi.

Jiko lihamie nje au angalau dirisha lifunguke pande mbili. Godoro juani kila jua likiwaka. Baba asivute sigara ndani, na "ndani" ni pamoja na mlangoni.

Halafu pampu. Mnaogopa, mnasema ukianza hutoki, ni hatua ya mwisho kabla ya kaburi. Si kweli hata kidogo. Dawa ya pampu inaenda moja kwa moja kwenye mapafu kwa kiasi kidogo sana kuliko kidonge. Wanaokufa kwa pumu ni wale ambao pampu haikuwepo, au iliyokuwepo ni ya kufungua tu, ile ya kutuliza ya kila siku wakaiacha. Kwa mtoto, pampu peke yake haitoshi kwa sababu hajui kuvuta kwa wakati. Kifaa cha kuunganishia ni ghali, lakini mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake huko Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa tundu kitakoni lenye umbo la mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri, inafanya kazi sawa na ya dukani. Chupa ya maji, mama! Unabonyeza mara moja, mtoto anavuta pumzi tano, sita kupitia mdomo wa chupa. Njoo nayo, tutatoboa pamoja ili isivuje.

SEHEMU YA 6

Mara nyingi mnaniuliza, aleji inaua? Ndiyo, lakini siyo ile ya kujikuna miezi minane. Inayoua huja ghafla, dakika chache baada ya sindano ya penisilini, au nyuki, au chakula kwa wachache. Uso unavimba, sauti inakauka, anapumua kwa shida, anatapika, anaishiwa nguvu, analegea. Mlaze, inua miguu. Kama anabanwa kifua mwache akae. Usimpe maziwa wala mafuta mdomoni. Bodaboda, kituo cha karibu, sasa hivi. Dawa yake ni adrenalini ya kuchomwa pajani, piritoni haitafika kwa wakati. Ndiyo maana tukikuchoma sindano tunakuambia kaa nusu saa kwenye benchi, na nyie mnatoroka kuwahi gulio.

Akishapona, jina la kitu kilichomletea liandikwe kwenye kadi kwa herufi kubwa. Hiyo ndiyo aleji ninayotaka niione imeandikwa.

Nimeulizwa pia kuhusu yule mtoto wa mvuvi. Walipakwa dawa nyumba nzima, pamoja na baba aliyesema yeye ni mzima (hakuwa mzima). Jana karudi kliniki. Vidole vikavu, analala usiku, gramu mia tatu zimeongezeka. Anakula mbasa na dagaa. Mayai bado, bibi anayaficha. Jumatano nimemwomba bibi aje mwenyewe.